Studio Inayomfuata Mpigaji: Kurekodi na Kuchanganya Muziki kwa Kompyuta Ndogo ya Bodi Moja

Mtu anayetaka kurekodi ilimba (kasha lenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), zeze au muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, katika vijiji vya Chamwino, Bahi au Mvumi hukutana na uamuzi mmoja kabla ya mengine yote: ama awasafirishe wapigaji hadi studio ya mjini Dodoma, ama aipeleke studio kwa wapigaji. Njia ya kwanza inadai nauli na chakula cha watu kumi au ishirini, na mara nyingi inawaingiza akina mama waliozoea kupiga muheme uwanjani, wakizungukwa na watu wao, ndani ya chumba kidogo chenye sponji ukutani ambamo hawajui waelekeze macho wapi. Njia ya pili zamani ilihitaji gari, jenereta na kompyuta ya gharama kubwa. Siku hizi kompyuta ya bodi moja, inayotosha kwenye kiganja na kutumia umeme mdogo kuliko balbu ya kizamani, imeifanya iwezekane kwa mtu mwenye kipato cha kawaida.

Jambo moja naomba msomaji alishike tangu hapa. Mashine hii ni kinasa sauti kizuri na ni meza nzuri ya kuchanganyia sauti, lakini si ghala la ala za kielektroniki. Anayeinunua akitarajia ibebe mzigo wote wa kompyuta kubwa ya prodyuza atavunjika moyo. Anayeiandalia umeme safi, mahali pa kuaminika pa kuhifadhia sauti na mpangilio sahihi atarekodi kwaya nzima bila mkato hata mmoja, kwa sababu kazi nyingi huharibikia kwenye waya na kadi ya kumbukumbu kabla uwezo wa kichakataji haujafikia mwisho.

Kuchagua bodi na vifaa vyake

Ninazozifahamu vizuri ni Raspberry Pi 4, iliyotoka mwaka 2019, na Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023. Pi 5 ina kasi kubwa zaidi na inafaa sana kuchanganyia sauti nyumbani. Kwa safari za vijijini, hata hivyo, mimi bado nachukua Pi 4, kwa kuwa inaridhika na volti 5 na ampea 3, kiwango ambacho pawabenki nzuri na vigeuzi vingi vya betri hukitoa bila shida. Pi 5 inataka ampea 5 kwa volti hizohizo, na isipozipata hupunguza umeme unaotoka kwenye matundu ya USB hadi miliampea 600, ambazo haziwezi kulisha kadi ya sauti na diski kwa pamoja. Chukua yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya gigabaiti 4 au zaidi. Pi 3, yenye gigabaiti moja tu, itafungua programu lakini itakuchosha kabla wimbo haujaisha. Bodi za kampuni nyingine zipo na baadhi zina nguvu, ila mfumo endeshi wake haupati masahihisho kwa uhakika uleule, na mgeni wa kazi hii hapaswi kuanza na tatizo hilo.

Bodi hizi hazina tundu la kuingizia sauti. Pi 4 ina tundu la hedifoni lenye ubora wa wastani na Pi 5 haina kabisa, kwa hiyo kadi ya sauti ya nje inayounganishwa kwa USB ni ya lazima. Tafuta inayofuata kanuni ya kawaida ya sauti ya USB, yaani ile inayofanya kazi bila kuisakinishia programu yake maalumu, yenye matundu mawili ya maikrofoni, volti 48 kwa ajili ya maikrofoni za kondensa, na kitufe cha kusikiliza sauti moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Kitufe hicho kina thamani kubwa kuliko kinavyoonekana dukani, na sababu yake nitaieleza hapa chini.

Nunua pia waya wa HDMI wenye kichwa kidogo upande mmoja, kwa kuwa Pi 4 na Pi 5 zote hutumia tundu dogo na waya wa kawaida wa televisheni hauingii. Ukiuhitaji ukiwa Mpwapwa au Kongwa siku ya Jumapili huenda usiupate. Ongeza kipoza joto cha alumini chenye feni, na diski ya SSD ya USB, hata ile ndogo ya gigabaiti 240.

Umeme kwanza, sauti baadaye

Safari yangu ya kwanza niliharibu kazi ya kwaya kwa chaja ya simu. Ilikuwa imeandikwa ampea 3, nayo ikawasha bodi bila kelele, lakini kila kwaya ilipopaza sauti na diski ikaanza kuandika kwa kasi, alama ndogo ya radi ilitokea kwenye kona ya skrini. Sikuijua maana yake. Katikati ya ubeti wa tatu kadi ya sauti ilizimika, mstari wa sauti kwenye skrini ukanyooka, na wanakwaya wakaendelea kuimba hadi mwisho bila kujua kwamba hakuna kilichorekodiwa. Alama ile inamaanisha kwamba volti zimeshuka chini ya kiwango. Kabla ya kurekodi chochote, fungua dirisha la amri, yaani mahali unapoandika maagizo kwa maneno, kisha andika:

`vcgencmd get_throttled`

Jibu likiwa `throttled=0x0`, umeme uko salama na joto halijazidi. Jibu lolote jingine linakutaka usimame na utafute chanzo. Kwanza badilisha waya, kwa sababu waya mrefu na mwembamba hupoteza volti njiani. Kisha badilisha chaja. Kisha chomeka diski kwenye kigawanyio cha USB chenye umeme wake.

Penye umeme wa gridi, usitegemee kwamba hautakatika. Mimi hutumia betri hata nikiwa mjini, na nimegundua faida nyingine: betri haileti ule mvumo wa hezi 50 unaopenya kwenye maikrofoni kupitia chaja mbovu au inveta ya bei ndogo. Hesabu yake ni nyepesi. Kadiria wati 15 kwa bodi, kadi ya sauti, diski na skrini ndogo. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240; toa sehemu ya tano kwa upotevu wa kubadilisha volti, zinabaki takriban 190, ambazo zitakupa saa kumi na mbili hivi. Betri ya asidi ya ukubwa huohuo usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu saa sita. Kwa paneli ya sola, chaji betri na uchote umeme kwenye betri. Usiiunganishe bodi moja kwa moja na paneli, maana wingu moja likipita bodi itazimika. Ukitumia pawabenki, jaribu nyumbani kuichomeka na kuichomoa kwenye chaja wakati bodi inafanya kazi, kwa kuwa nyingi hukata umeme kwa nukta moja wakati huo, na nukta moja inatosha kupoteza wimbo.

Kusakinisha mfumo na programu

Fanya hatua hii mjini, mahali penye bando la kutosha, kwa sababu vifurushi vya programu vyote kwa pamoja ni mamia ya megabaiti. Pakua programu iitwayo Raspberry Pi Imager kwenye kompyuta yoyote, chagua Raspberry Pi OS ya biti 64, uiandike kwenye kadi ya kumbukumbu ya kampuni inayoaminika, kisha uiwashe bodi na kufuata maswali ya mwanzo. Mfumo ukishatulia, fungua dirisha la amri na uandike mistari hii miwili:

`sudo apt update`

`sudo apt install ardour jackd2 hydrogen zynaddsubfx x42-plugins lsp-plugins-lv2 calf-plugins dragonfly-reverb`

Ardour ndiyo programu kuu, ya kurekodi treki nyingi, kuhariri na kuchanganya. Hydrogen ni ya kutengenezea midundo ya ngoma, ZynAddSubFX ni sintesaiza, yaani ala ya kielektroniki, jackd2 (JACK) ni ya kuunganisha sauti kati ya programu, na zilizobaki ni plagini, yaani programu ndogo za kurekebisha sauti ndani ya Ardour. Mtu anayependelea REAPER anaweza kuipakua kutoka kwa watengenezaji wake, kwa kuwa wana toleo la Linux, familia ya mfumo endeshi wa bodi hizi, kwa vichakataji vya ARM kama vyake, ila hiyo ni ya kulipia baada ya siku 60 za majaribio. Maprodyuza wengi waliozoea FL Studio huniuliza kama itafunguka. Haitafunguka kwa njia ya kutegemewa, wala plagini zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows hazitafunguka, kwa sababu zimeandikwa kwa lugha ya kichakataji cha aina nyingine. Ni vizuri kulijua hilo kabla ya kutoa fedha.

Wakati wa kusakinisha, kifurushi cha jackd2 kitauliza kama unaruhusu programu za sauti zipewe kipaumbele cha wakati halisi. Jibu ndiyo. Hata usipoitumia JACK yenyewe, jibu hilo ndilo linaloandika faili la ruhusa ambalo Ardour inalihitaji. Swali likikupita bila kulijibu, lirudishe kwa amri hii, kisha uwashe bodi upya:

`sudo dpkg-reconfigure -p high jackd2`

Baada ya kuwasha, andika `groups` na uhakikishe neno `audio` limo kwenye jibu, kisha andika `ulimit -r`. Ukiona 95, ruhusa imekubali.

Sasa diski. Ipange kwa mfumo wa faili wa ext4 na uweke kazi zote za Ardour humo, ukiiacha kadi ya kumbukumbu kwa mfumo endeshi peke yake. Kadi ya kumbukumbu huandika kwa kusitasita; inaweza kwenda vizuri dakika nne, ikapumzika nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo ikawa pengo katikati ya wimbo. Tena umeme ukikatika wakati inaandika, inaweza kuharibika yote pamoja na mfumo wako. Kuhusu ukubwa, treki moja kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, katika muundo wa biti 32 ambao Ardour huutumia yenyewe, inakula megabaiti 11.5 kwa dakika. Treki nane kwa saa nzima ni kama gigabaiti 5.5, hivyo diski ndogo inatosha siku nyingi za kazi.

Kuchelewa kwa sauti

Mzee mmoja mpiga ilimba, pale Chamwino, alivaa hedifoni nilizompa, akapiga vidole viwili vitatu, akasimama na kuzivua taratibu.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "humu ndani kuna mtu mwingine ananifuatisha."

Nilimwomba radhi, kwa kuwa alikuwa sahihi kabisa na kosa lilikuwa langu. Sauti yake ilipita kwenye maikrofoni, ikaingia kwenye kompyuta, ikasubiri zamu yake na kurudi masikioni ikiwa imechelewa, na mtu aliyepiga ilimba miaka hamsini hawezi kudanganywa na ucheleweshaji huo.

Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu, si tone kwa tone. Ukubwa wa fungu huitwa bafa. Bafa ya sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ni milisekunde 5.3, na kadi nyingi za USB hutulia zikipewa mafungu matatu, yaani milisekunde 16. Sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 16 ni sawa na kumsikia mpiga ngoma aliye mita tano na nusu kutoka ulipo. Hilo mtu analivumilia. Siku ile mimi nilikuwa nimeweka bafa ya 1,024, na mafungu matatu yake ni milisekunde 64, sawa na kumweka mzee upande mmoja wa uwanja na ilimba yake mita ishirini na mbili upande wa pili.

Katika Ardour, dirisha la mwanzo linapouliza mfumo wa sauti, chagua ALSA, chagua kadi yako ya nje kwa jina lake, weka 48 kHz, bafa 256 na mafungu matatu. Kadi isipoonekana, andika `arecord -l` kwenye dirisha la amri. Kama haimo hata humo, tatizo ni waya au umeme, si Ardour. Ukisikia mikwaruzo au ukiona namba ya mikato ikipanda juu ya dirisha, panda hadi 512 kabla ya kulaumu kifaa.

Dawa ya kweli kwa mpigaji, hata hivyo, ni kile kitufe cha kadi nilichokitaja. Kinamrudishia sauti yake papo hapo, kabla haijaingia kwenye kompyuta, na ukishakitumia, zima usikilizaji wa treki hiyo ndani ya Ardour ili asisikie sauti mbili. Ukifanya hivyo ukubwa wa bafa haumhusu tena mpigaji, nawe unaweza kuweka 1,024 na kuipumzisha bodi. Kwa ngoma na kwaya mara nyingi mimi simpi mtu hedifoni kabisa. Watu wanaopiga pamoja husikilizana kwa masikio na kutazamana machoni, na hakuna sababu ya kuwaondolea hilo.

Kabla ya kubonyeza kitufe chekundu, zima mawasiliano yasiyotumia waya, yaani Wi-Fi na Bluetooth, na uzuie kichakataji kisipunguze kasi:

`rfkill block wifi`

`rfkill block bluetooth`

`echo performance | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/scaling_governor`

Amri ya mwisho husahaulika kila unapozima, kwa hiyo iandike upya kila siku ya kazi. Mtandao ukiwa umezimwa, kumbuka pia kwamba Pi 4 haina betri ya saa. Ukiiwasha kijijini itadhani ni siku uliyoizima mara ya mwisho, na mafaili yatabeba tarehe ya uongo. Pi 5 ina sehemu ya betri hiyo, ila betri yenyewe inanunuliwa kando. Andika tarehe kwenye jina la kazi kwa mkono wako.

Siku ya kurekodi

Kanda ya kati ina adui wawili wa maikrofoni, upepo na bati. Upepo wa kiangazi, hasa kuanzia Julai, hupiga kifuniko cha maikrofoni kama mtu anayekung'uta blanketi, na hakuna plagini inayouondoa ukishaingia. Kifuniko cha sponji kinasaidia kidogo. Cha manyoya kinasaidia zaidi. Kuwahi alfajiri kabla upepo haujaamka kunasaidia kuliko vyote viwili. Bati nalo hulia kwa joto. Jua likipanda, paa linatanuka na kutoa mlio mkavu, tik, tik, ambao sikio lako limeuzoea na haliusikii tena, lakini maikrofoni ya kondensa huuchukua wote. Msimu wa mvua usijaribu kabisa chini ya bati.

Ukibahatika kupata nyumba ya tembe iliyo imara, omba kurekodia humo. Kuta nene za udongo na paa la udongo huzuia upepo na kumeza mwangwi, na ilimba iliyopigwa humo husikika karibu na kavu, jinsi mafundi wa mjini wanavyotafuta kwa fedha nyingi.

Kwa ilimba, weka maikrofoni ya kondensa sentimita 25 hadi 30 juu ya vyuma, ukiielekeza kwenye vidole gumba, na ya pili ya kawaida mdomoni mwa mwimbaji. Sogea taratibu huku ukisikiliza. Ilimba kubwa ina vyuma vingi kuliko vinavyopigwa, kwa kuwa vingine hulia vyenyewe kwa kuitikia wenzake, na kwenye tundu la kasha hubandikwa utando mwembamba wa buibui unaozizima sauti inapotoka. Mzizimo huo ni sehemu ya ala. Niliwahi kuupeleka kwa fundi mmoja akaukata wote akidhani ni kasoro ya waya, na wenyewe waliposikia waliuliza ilimba imeugua nini.

Kwa muheme na kwaya, maikrofoni mbili zinazofanana, zilizokutanishwa vichwa na kutazama pande mbili kwa pembe ya digrii 90, mita mbili au tatu kutoka kwa kundi, zitakupa picha nzuri kuliko maikrofoni sita zilizotawanywa. Mpangaji wa sauti hapo ni miguu. Mwombe mama mwenye sauti kubwa arudi hatua moja nyuma, na mwenye njuga asogee pembeni. Waombe wapige sehemu yenye nguvu kuliko zote, kisha rekebisha kitufe cha kiwango cha maikrofoni kwenye kadi hadi kilele kifike desibeli 12 chini ya sifuri na kiishie hapo. Mpigaji akishapasha moto damu, ataongeza mwenyewe zile unazomwachia.

Funika bodi na kitambaa chepesi dhidi ya vumbi, lakini usizibe feni. Kila baada ya nyimbo mbili andika `vcgencmd measure_temp`. Kwenye nyuzi 80 bodi huanza kujipunguzia kasi, na mchana wa Oktoba juani haichukui muda kufika huko.

Kuchanganya nyumbani

Ukirudi, nakili kazi yote kwenye diski ya pili kabla ya kuifungua. Kisha panda bafa hadi 1,024, maana sasa hakuna anayepiga, na kuchelewa hakumsumbui mtu.

Tazama kipimo cha mzigo wa kichakataji juu ya dirisha la Ardour. Kikizidi asilimia 70, kata matumizi. Kosa la kawaida ni kuweka plagini ya mwangwi kwenye kila treki. Weka moja tu kwenye njia yake ya pamoja, na upeleke kila treki humo kwa kiasi chake. Treki iliyokwisha kurekebishwa igandishe, yaani iandikwe upya kama sauti tupu pamoja na plagini zake, ili kichakataji kiachiwe nafasi. Kwa njia hiyo Pi 4 imenibebea treki kumi na sita bila malalamiko. Kata masafa yaliyo chini ya hezi 80 kwenye sauti za watu, lakini kwenye ngoma usiyaguse, na kompresa, plagini inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, itumike kwa mkono mwepesi, kwa sababu kupanda na kushuka kwa muheme ndiko kunakochezesha watu.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa kazi nyingi nzuri huharibiwa hapa. Prodyuza akishapata ilimba safi hutamani kuiongezea kinanda, na kinanda kikiingia, kitu fulani kinakosana. Halafu analeta programu ya kunyoosha sauti, na mwimbaji aliyekuwa sahihi anageuzwa kuwa mwenye makosa. Ngazi ya muziki wa Wagogo inakaribia sana sauti za asili zinazozaliwa na uzi au mdomo wenyewe, ile familia ya uwiano wa 8, 9, 10, 12 na 14. Sauti ya saba katika familia hiyo (14 ni maradufu ya 7) iko takriban senti 31 chini ya noti iliyo jirani nayo kwenye kinanda, na senti 100 ni nusu toni nzima. Sauti ya tano (10 ni maradufu ya 5) iko senti 14 chini. Hilo si kosa la fundi wa ilimba. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki mzaliwa wa mkoa huu wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka ngazi hiyo kwenye majukwaa ya Ulaya bila kuinyoosha.

Kwa hiyo igeuze sintesaiza iifuate ilimba. Ndani ya ZynAddSubFX fungua dirisha la ngazi, washa upimaji wa noti usio wa kawaida, futa noti kumi na mbili zilizomo na uandike hizi, kila moja kwenye mstari wake: 9/8, 5/4, 3/2, 7/4, 2/1. Kila kitufe cha kinanda sasa kitatoa noti inayofuata katika ngazi hiyo ya noti tano. Kisha weka kipimo cha sauti cha plagini za x42 kwenye treki ya ilimba, usome hezi za chuma kinachohesabiwa kuwa cha msingi, na uiandike namba hiyo kama noti ya rejea ya sintesaiza. Kila fundi hupanga ilimba yake kwa sikio na kwa koo la mwimbaji wake, kwa hiyo pima kila moja upya, na chuma kisipolingana na uwiano niliotaja, fuata chuma.

Kurudisha kazi kwa wenyewe

Kwa studio ya mjini itakayomalizia, toa kila treki kama faili lake la WAV, yote yakianzia sekunde ya kwanza, ili fundi mwenye programu nyingine ayapange bila kukisia. Weka pamoja nayo karatasi yenye majina ya wapigaji wote, si kiongozi wa kikundi peke yake, kijiji, tarehe na makubaliano mliyoyafanya kuhusu matumizi ya wimbo. Ukitaka kuusajili kwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, karatasi hiyo itakuokolea safari nyingi.

Kwa wapigaji wenyewe WAV haina faida, kwa sababu husikiliza kwa redio ndogo za memori kadi ambazo nyingi husoma MP3 tu. Panga memori kadi kwa mfumo wa FAT32 na ugeuze kila wimbo kwa programu ya ffmpeg, hivi:

`ffmpeg -i muheme.wav -ar 44100 -b:a 192k 01.mp3`

Majina yaanze na namba, 01, 02, 03, kwa kuwa redio hizo hazina skrini ya kuonyesha maneno. Mpe kila mtu orodha ya namba na nyimbo kwa mdomo, mkiwa mmekaa pamoja na redio ikiwa mkononi mwake. Yule mzee wa Chamwino hajui kusoma herufi za skrini, lakini anajua kwamba wimbo wake uko mibonyezo minne kutoka mwanzo.